Yasmina na Mechi ya Kushindwa

Wiki nzima simu yangu haikupumua. Mmoja kaniita mchawi. Mwingine kauliza kwa nini namtesa mtoto wa watu kila Jumamosi. Jamani, mimi nasimulia tu. Mateso yalikuwepo kabla sijashika kalamu.

Kwa mliochelewa: Yasmina ni binti wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, dereva wa roboti ya shule yao. Mama yake, Fatouma, alikwenda Dar es Salaam kuuza vitenge mtoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu vizuri. Karatasi za kusafiria zikamwishia huko, na tangu hapo mama na binti wanaonana kwenye simu tu. Yasmina analelewa na bibi yake. Basi lilipotoka tangazo kwamba washindi wa mashindano ya roboti watapelekwa Dar, mnaweza kukisia moyo wa yule mtoto ulivyoruka.

Ndipo mikosi ikamwandama. Mkono wa roboti ukavunjika mlangoni mwa ukumbi. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza chaja. Walishaanza kufungasha waya zao warudi nyumbani, Benite akaja. Huyu Benite ni dereva wa timu ya Buterere, binti wa wakimbizi wa Kongo. Akaweka chaja yake mezani kwao, wala hakungoja kuombwa.

Kila mechi ni timu mbili dhidi ya mbili, na kura iliwaweka hawa upande mmoja katika ile ya mwisho. Tuliachana Yasmina akimkumbatia na kumwambia: "Mechi ya mwisho tuko pamoja, mi na we. Wallahi tutashinda!"

Hilo neno wallahi lishikeni. Watoto wetu hulimwaga hata wakinunua mandazi. Bibi yake amemkanya mpaka kachoka.

Sasa twende.

Yasmina alikuwa anakaza skrubu Prof Népomuscène alipomwita nyuma ya ukumbi, pale jenereta inaponguruma. Prof Népo ndiye mwalimu wao wa fizikia. Vidole vyake vina makovu ya kuunguzwa na risasi ya kulehemu nyaya, na Jumamosi zake zote za mwaka kawapa hawa watoto. Nawaambia mapema msije mkamchukia kabla ya wakati.

"Mechi ya mwisho, tutaipoteza," Prof akasema.

Yasmina akacheka. "Prof, usiseme hivyo. Sisi na Buterere tuko na nguvu!"

"Hujanielewa. Sisemi watatushinda. Nasema tuipoteze. Sisi wenyewe."

Kicheko kikakatika.

"Sikiliza. Sisi pointi hazitoshi tena kuwa wa kwanza. Mlimani ndio wanaongoza, na wamemaliza mechi zao zote. Buterere wakishinda hii ya mwisho, wanapita Mlimani, wanakuwa wa kwanza. Na wa kwanza ndiye anachagua timu moja ya kwenda nayo Dar. Timu mbili tu, basi. Buterere watamchagua nani?"

Yasmina akageuza macho kwenye jenereta.

"Sema."

"Ruziba."

"Njo ivyo, ndivyo hasa. Ruziba waliwapa magurudumu, na Buterere wameahidi mbele ya watu wote. Sasa, Mlimani wakibaki wa kwanza, watamchagua nani?"

"Sijui."

"Sisi. Monsieur Adrien wa Mlimani amenipa neno lake asubuhi hii. Anakutaka we, Yasmina. Hakuna dereva kama we kwa hii ukumbi, na yeye anajua."

Ukitaka kumnasa mtu vizuri, mnase kwa sifa anazostahili. Yasmina aliona fahari kwanza, kisha aibu ya ile fahari.

"Prof, si ni Benite alitupa chaja?"

"Najua."

"Bila yeye tungekuwa nyumbani!"

"Najua, nimekuambia!" Prof akavua kofia, akajipangusa jasho. "Unafikiri mi napenda? Nimesoma kitabu cha sheria mara na mara. Hakuna mahali wameandika lazima ushinde kila mechi. Kwa mpira wa miguu wanapumzisha wachezaji wakubwa, na hakuna mutu analia. Hii si wizi. Ni hesabu."

"Kama si wizi, kwa nini umeniita huku nyuma?"

Prof akavaa kofia, akarudi ndani.

Yasmina akamkimbilia Lisette, rafiki yake wa dawati moja, ndiye anayeiandikia roboti maagizo kwenye kompyuta. Alitaka apate mtu wa kukasirika naye.

Lisette alikuwa na macho mekundu tayari.

"Kumbe unajua?"

"Prof aliniambia kabla yako. Nimelia, nimemaliza. Sasa we niambie, unataka kuona mama yako ao apana?"

"Usinifanyie hivyo, Lisette."

"Nakuuliza tu. Mi nimefanya kazi mwaka muzima. Shakuru, fundi wetu, amechonga ile mkono mara tatu. Tunaacha vyote sababu ya chaja?"

Hapo niwaeleze jambo moja. Timu ya Nyakabiga ina betri mbili. Lisette alichana leso ya zamani ya dada yake, akazifunga vitambaa: cha kijani kwenye ile nzima, chekundu kwenye ile iliyochoka, inayoanza vizuri halafu inazima katikati ya safari. Ukiona kijani, unacheza. Ukiona chekundu, unaipeleka kwenye chaja.

"Tia ya nyekundu," Lisette akanong'ona. "Hautafanya kitu kingine. Endesha kama kawaida. Itakufa yenyewe. Hakuna mutu atasema Yasmina amefanya mubaya."

Mnaona ilivyo tamu? Hata dhambi yenyewe ingefanywa na betri.

Simu ya Lisette ikalia. Ilikuwa video kutoka Dar.

"Mwanangu jamani!" Mama Fatouma alijaa kwenye kioo, nyuma yake vitenge vinaning'inia. Siku hizi anaongea kama watu wa huko. "Hebu nikuone! Mbona umekonda? Bibi hakupi chakula?"

"Ananipa, mama."

"Nimeshaazima kitanda kwa jirani, nimekitandika. Shuka mpya. Soko zima linajua mwanangu anakuja. Kuna mmama hapa ananiambia, Fatouma usitangaze kabla hujamwona, nikamwambia nyamaza, humjui mwanangu."

"Mama, hatujafika bado. Kuna mechi moja."

"Basi shinda! Usiniletee habari za kushindwa. Lisette, mama, usikate hii simu, nataka kuona mwanangu anavyowafunga."

"Sawa, mama," Lisette akasema, huku anamkwepa Yasmina kwa macho.

Mama alitaka ashinde ili aje. Na akishinda, haji. Jaribuni kumweleza mtu hilo kwenye simu, soko zima linasikiliza.

Kabla hajapumua, Benite huyo hapo, ameshika betri iliyovimba tumbo.

"Yasmina, nimekufa. Arbitre wa mechi ameikataa batri yetu, anasema itaweza kulipuka. Na ile ingine iliingia maji wakati mafuriko yalijaa nyumba. Mko na moja ya kutupa?"

Katika mashindano haya hiyo ni desturi. Mwenzako wa mechi akipungukiwa unampa, maana anachopungukiwa yeye unapungukiwa wewe. Hakuna anayekataa.

Yasmina alitazama betri zake mbili. Akampa ile ya kijani.

Kwa nini? Msinipigie simu tena, nitawaambia. Alifikiri hivi: mimi nitazimika, lakini Benite aende mpaka mwisho, asichekwe. Ndivyo alivyojidanganya. Alijua fika kwamba roboti moja haiwezi kuzishinda mbili.

"Hii ya kijani njo iko full?" Benite akauliza.

"Ndiyo."

"Na nyinyi?"

"Sisi tuko na ingine."

"Hiyo nyekundu? Iko namna gani?"

"Iko sawa. Chukua."

"Apana, chukua we hii. We njo unakimbiza kutupita wote."

"Benite, chukua!"

"Siwezi kukubali hivyo, dada. Mwenye kitu anabaki na nzuri."

"Nimesema chukua, bwana!"

Wakavutana kama watu wanaogombania nani alipe chai. Mwishowe Benite akatabasamu, akaichukua.

Sasa, mtu wa kwetu akilegea ghafla hivyo, ujue kuna jambo. Yasmina alipaswa kushtuka. Lakini dhamiri ikishakushika kooni, utaona wapi tabasamu la mtu.

"Kama tukishinda," Benite akasema, "tunaenda Dar. Sijawahi kupanda ndege, unajua? Baba anasema tangu tutoke Uvira hakuna mutu kwetu ametuita kwa kitu kizuri." Akanyoosha mkono. "Tutashinda, sivyo?"

"Wallahi," akasema Yasmina.

Lilitoka lenyewe.

La kwanza aliapa kwa moyo safi. Hili la pili aliapa huku anajua. Bibi alimfundisha akiwa mdogo: kiapo kikikushinda unalisha maskini, na kama huna uwezo unafunga siku tatu. Tena akamuongezea: "Lakini kile unachoapa na uongo uko tayari mdomoni, kwa hicho usinitafute mimi, mtafute Mungu wako."

Yasmina akaifunga betri ya kitambaa chekundu kwenye roboti. Mwamuzi mwenyewe, Arbitre Aloys, mzee mpole mwenye filimbi shingoni, akakagua roboti zote nne, akabandika alama yake.

"Kuanzia sasa," akatangaza, "hakuna anayegusa roboti isiyo yake. Mwenye kugusa, timu yake inatoka. Tumeelewana?"

"Ndiyo!"

Yasmina akaomba ruhusa, akaenda bombani kunawa uso. Alinawa, akanawa tena. Alijichukia. Alitamani augue hapo hapo, aanguke, wamwite dereva mwingine. Mwili wake ulikuwa mzima kabisa.

Aliporudi, roboti ilikuwa pale pale alipoiacha, kitambaa chekundu kinaning'inia.

Filimbi ikalia.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mipira imetapakaa sakafuni, kapu liko katikati, roboti inaokota na kutia. Mwenye mipira mingi kapuni ndiye mshindi. Dereva anasimama nyuma ya meza na manete yake, ile rimoti ya vidole, haruhusiwi kusogea.

Yasmina akabonyeza. Akaiendesha kwa fujo ili betri iishe upesi. Akaikimbiza huku, akaigeuza kule, akaokota mpira, akatia. Akaokota mwingine, akatia.

"Hapo, Nyakabiga!" ukumbi ukapiga kelele.

Kufa basi, akawaza. Kufa.

Roboti haikufa. Taa yake ya kijani iliwaka kama siku ya kwanza. Akaokota wa tatu. Akatia.

Juu kwenye ngazi, Prof Népo alisimama. Pembeni Lisette kainua simu, na sauti ya Mama Fatouma inapasua: "Huyoooo mwanangu! Mwaga, mama, mwaga!"

Ndipo roboti ya Buterere ikaanza kuvuta miguu. Ikayumba kidogo. Ikasimama katikati ya uwanja, imekata roho.

Yasmina akageuka. "Benite! Umefanya nini?"

Benite alikuwa anacheka, machozi yanamlengalenga.

"Nilibadilisha."

"Nini?"

"Batri. Ulipoenda kunawa. Nilipima hii yenu ya nyekundu na mita, nikaona iko karibu kufa. Nikasema, huyu mutoto anajinyima juu yangu? Nikakurudishia nzuri. Nikabadilisha na vitambaa, maana ungeona ungekataa." Akampiga bega. "We njo dereva, Yasmina. Mi nilikuwa nasindikiza tu. Maliza!"

Mungu wangu.

Yasmina alitazama mbele. Matokeo yalikuwa sawa kwa sawa. Roboti moja ya wapinzani ilikuwa imenasa ukutani, nyingine inahangaika mbali. Mpira mmoja umebaki karibu, uko mbele yake, unamngoja.

Sare ingewatosha Mlimani. Buterere walihitaji ushindi.

Akauokota. Mkono wa roboti ukainuka, ukafika juu ya kapu. Bado kubonyeza tu.

Juu ngazini Prof Népo alivua kofia, akaiweka kifuani, anatikisa kichwa. Si kwa hasira. Alikuwa anaomba.

"Tia!" Benite akasema.

"Tia mwanangu!" simu ikapiga kelele kutoka Dar.

Yasmina akaona kitanda chenye shuka mpya. Akaona mlango unafunguliwa, na mama yake si wa kioo, ni wa kushika. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Kikakataa kushuka.

"Tia, Yasmina!"

Akaiweka manete mezani.

Filimbi ikalia. Sare.

Ukumbi ukaguna. Roboti ilikuwa bado imeinua mkono juu ya kapu, mpira umeshikwa, taa ya kijani inawaka mbele ya watu wote. Kila mtu aliona ina nguvu. Betri haikuwa na kosa la kusingiziwa.

Yasmina hakuthubutu kugeuza shingo. Alingoja matusi. Aliyataka, kusema kweli. Matusi yangemfaa.

Badala yake akasikia kilio.

"Ni mi!" Benite alikuwa amejishika kichwa. "Mungu wangu, ni mi! Niliifunga mbio mbio, nimeunganisha waya vibaya. Nimemharibia roboti yake. Yasmina, nisamehe, dada. Mama yako! Nisamehe!"

Akainua mkono juu, mkono mzima, kama mtoto darasani.

"Arbitre! Arbitre, kuja!"

"Benite, nyamaza," Yasmina akanong'ona. "Shusha mkono. Nakuomba."

"Apana. Wasikulaumu we."

Mzee Aloys akasogea. Benite akasema yote, mbele ya timu yake, mbele ya Ruziba, mbele ya kila mtu: kwamba baada ya ukaguzi aligusa roboti ya Nyakabiga, akafungua, akabadilisha betri.

Mzee akashusha pumzi. "Binti, ulisikia nilichosema?"

"Nilisikia."

"Mwenye kugusa anatoka. Si mechi hii tu. Timu nzima inafutwa, na mechi zenu zote."

Upande wa Buterere mtu alipiga yowe. Mwalimu wao akakaa chini, sakafuni kabisa.

"Naelewa," Benite akasema. "Lakini wao musiwafute. Hawakujua. Yasmina alinipa nzuri akabaki na mbaya. Huyu ni mutu, arbitre. Huyu ni mutu kabisa."

Yasmina alitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ardhi ya Bujumbura hupasuka siku isiyotakiwa.

Mzee Aloys akapita uwanjani, akainama juu ya roboti. Akavuta waya mmoja mmoja. Akaifungua betri, akaipima, akaitazama tena. Akaichukua manete mezani, akabonyeza kitufe mara moja.

Mpira ukaanguka kapuni.

Mzee akageuka taratibu, akaja mpaka mbele ya meza.

"Betri ni nzima," akasema. "Waya ziko sawa. Huyu mwenzio hakuharibu kitu." Akamtazama Yasmina machoni, bila ukali. "Sasa nisikie kwako, dereva. Kama roboti ilisimama kwa sababu yeye aliigusa, nawafuta Buterere, tunamaliza. Kama ilisimama kwa sababu nyingine, nataka kuijua kabla sijaandika jina la mtu."

Prof Népo alikuwa anashuka ngazi mbio, anasukuma watu. Alikuja kumzuia, au alikuja kusema ni yeye? Yasmina hakujua, na Prof mwenyewe bado alikuwa mbali.

Dar ilikuwa wazi mbele yake. Akae kimya tu. Hata uongo haukuhitajika, uongo Benite alishausema wote kwa niaba yake, tena akiamini ni ukweli.

"Mwambie, Yasmina," Benite akamsukuma kidogo, anafuta kamasi kwa mkono wa shati. "Mwambie ni mi. Ukiapa wewe ataamini."

Yasmina akafungua mdomo. Lile neno lililokuwa likitoka lenyewe kila siku, hata kwa mandazi, safari hii lilikaa kooni likakataa kupanda wala kushuka.

Lisette alikuwa amesahau kukata simu. Ilikuwa imeinuliwa vile vile, na ndani yake vitenge vinaning'inia, na uso wa mama umesogea karibu mpaka umejaa kioo.

"Yasmina," Mama Fatouma akaita, polepole sasa, bila kelele za soko. "Mwanangu, mbona hukutia?"